Jicho la Sanduku

Simu ya ndani ililia nikiwa jikoni kwa mama Edina, mbele ya jiko la mtu aliyekwisha kuondoka, nachemsha maji ya chai ya watu ambao hawapo.

"Dada Siku, imeshuka," akasema Kabula.

Kabula ni nesi wa Nyumba ya Pili. Sijawahi kukaa naye meza moja, lakini sauti yake naijua kuliko ya ndugu zangu. Akiwa na utulivu husalimia kwanza. Akianza na "imeshuka" bila hata habari za saa hizi, najua kuna mgonjwa anahema.

"Imefika wapi?"

"Volti mia mbili na tano. Mashine ya bwana Filimoni inapiga kengele."

"Shikilia hapo hapo, usikate."

Niliwasha jiko la pili la mama Edina, nikatoka mbio ukumbini, simu isiyo na waya sikioni, nikaingia kwa akina Mbaruku nikawasha jiko na pasi, nikavuka kwa yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa hapatani na watoto wa jirani. "Hodi, mwalimu," nikasema, maana mimi siingii kwa mtu bila hodi, awepo asiwepo. "Kelele zimekwisha. Umefurahi sasa?" Nikawasha la kwake pia, yote mawili, mpaka mwisho.

"Inapanda," Kabula akasema. "Ishirini... ishirini na tano... thelathini. Imekaa. Ahsante, dada. Mungu akuweke."

"Aniweke wapi tena? Si ameshaniweka huku."

Alicheka kidogo akakata. Nami nikakaa kwenye kitanda cha mwalimu nikisikiliza mabirika yakinguruma chumba hadi chumba. Ziwa Tanganyika lote liko juu ya kichwa changu, na kazi yangu mimi ni kulinda maji ya moto.

Naomba nieleze vizuri, kwa sababu huko juu Kigoma wapo wanaosema Sikudhani amerukwa na akili, anapikia mashetani. Sipikii mashetani. Napikia sanduku.

Miaka ya joto ilipotuteremsha huku chini zilijengwa nyumba tatu. Nyumba Kuu ndiyo hii yangu, ilikuwa na familia, shule, na ukumbi wa harusi. Ya Pili ni ya wagonjwa wa mapafu, wale waliovuta vumbi la moto, na hewa yake ni nzito kwa makusudi. Ukimpandisha mgonjwa kabla mapafu hayajapona, hafiki. Ya Tatu ni ya kuzalisha samaki, na anaishi humo mtu mmoja tu, mzee Songoro. Waya unaotoka nchi kavu ni mmoja. Unaingia kwenye sanduku lililo hapa kwangu, na sanduku linaugawa umeme laini tatu, kila nyumba yake.

Sasa sanduku lile lina jicho moja. Ni kijiwaya chembamba tu, kinapima laini ya kwanza, yaani hii ya Nyumba Kuu, basi. Ni kama mama mwenye watoto watatu anayemwuliza mmoja tu kama ameshiba. Nyumba Kuu ikitumia umeme mwingi, sanduku linasukuma kwa nguvu, na zile nyingine mbili zinapata humo humo. Nyumba Kuu ikitumia kidogo, sanduku linaona kazi imekwisha, linalegea. Kwamba Nyumba ya Pili ina mashine za kupumulia zinazodai umeme mchana kutwa, halijui wala halitaki kujua.

Wakati watu walipokuwa wamejaa humu, hakuna aliyeliona tatizo. Kila saa kulikuwa na mtu anayepika, anayepiga pasi, anayegombana na hita. Halafu mvua zikarudi juu, na watu wakaanza kupanda. Na watu wetu wana adabu, jamani. Huku chini tulilelewa hivyo: usiache taa inawaka nyuma yako. Kila familia ilipoondoka ilizima kila kitu, ikafuta meza, ikafunga mlango polepole. Na kila familia ilipoondoka, mashine za Nyumba ya Pili zikalia. Mgonjwa mmoja alikufa kabla sijaelewa nini kinaua. Adabu ndiyo iliyomwua.

Tangu hapo mimi ndiye familia zote. Nachemsha maji, nayaacha yapoe, nayachemsha tena. Siku nyingine napika kabisa, vitunguu na mawese, ili ukumbi unukie watu. Nikisikia harufu ile huwa nalia, sifichi, halafu nafuta uso na kwenda kuangalia sindano za kupimia umeme zilizo kwenye sanduku.

Maana sindano ni tatu, na hapo ndipo ninapolishinda sanduku. Lenyewe linaona laini moja, mimi naona zote. Nikisukuma sana ili Nyumba ya Pili ishibe, laini ya Tatu inapanda kupita kiasi, kwa kuwa mzee Songoro ana pampu ya hewa na kiredio tu, hana mzigo, yaani vifaa vya kula umeme, wa kuivuta chini. Ikifika kwenye alama nyekundu pampu yake inaungua. Kwa hiyo nikiiona inapanda namwambia Kabula zima kwanza maji ya kufulia, subiri kidogo, washa sasa. Tunakwenda hivyo, mimi na yeye, kama watu wawili waliobeba kabati kwenye ngazi.

*

Injinia Ruhinda alipiga simu ya juu, ile ya nchi kavu, asubuhi. Yeye si mtu mbaya. Alipoona mara ya kwanza mtu mmoja anatumia umeme wa mtaa mzima alinifokea, nikamweleza, akaniomba radhi. Wengi hawaombi.

"Bi Sikudhani, kile kifaa cha kujisawazisha chenyewe bado," alisema. "Kinatengenezwa. Nakuahidi kitashuka baada ya pepo za kusi."

"Na mtu wa kunipokea?"

"Nimetangaza mpaka nimechoka. Watu wameshaonja mvua. Hakuna anayetaka kushuka."

"Sawa. Kwa hiyo umenipigia kunisalimia."

Akakohoa. "Leo ndoo inashuka kwako na dawa za Nyumba ya Pili. Ni ya mwisho kabla ziwa halijachafuka. Na kuna habari za nyumbani. Ngoja nikupe mdogo wako."

Ndoo ni ile lifti yetu, tunaiita hivyo kwa sababu inaning'inia kwenye kamba na inapwaya. Nilisikia simu ikibadilisha mikono, halafu sauti ya Asumini, mdogo wangu, akijaribu kuongea kama mtu ambaye hajalia.

"Dada, mama hali chakula. Tangu juzi anakutaja wewe tu. Daktari amesema tuwaite watoto."

"Watoto ni mimi na wewe."

"Ndiyo. Na mimi niko hapa."

Nikakaa chini palepale, mgongo kwenye sanduku. Lilikuwa la moto, linatetemeka kidogo.

Injinia akarudi kwenye simu. "Kuna njia moja," alisema taratibu. "Hamisha jicho. Ule waya wa kupimia, utoe laini ya kwanza uuweke laini ya pili. Sanduku litawaangalia wagonjwa wenyewe. Litawapa wanachotaka, wakati wote, bila wewe. Nyumba Kuu itakuwa tupu, hata umeme ukicheza hakuna wa kuumia."

"Na Nyumba ya Tatu?"

"Laini ya tatu itapanda kila wagonjwa wakielemewa. Mzee atatakiwa kuiwekea mzigo. Ana majiko ya akiba kule. Ikipanda awashe, ikishuka azime."

"Yaani awe mimi."

"Awe wewe. Mpaka kifaa kije."

*

Mzee Songoro hunipigia kila siku mchana, baada ya kulisha samaki wake. Anapiga yeye. Mimi nikimpigia sijawahi kumpata, na nilikuwa nimezoea kumtania kwamba ana mke mdogo kule ndani. Anaongea kwa kupaza sauti kama yuko shambani ng'ambo ya bonde, na ukimwuliza habari za mgongo anakujibu habari za vifaranga vya kuhe, samaki anaowalea. Nilidhani ni uzee na ukaidi. Hata hivyo hakuna saa niliyoipenda kama ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Leo wamekula vizuri! Nikiwafungulia mwezi ujao, watu watakula kuhe Kigoma mpaka waseme basi!"

"Mzee, nisikilize. Nisikilize vizuri. Mama yangu anakufa."

Akaacha kupaza sauti. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu. Panda ukamwone."

Nikamweleza habari ya jicho, nikarudia, nikarudia tena. Kwamba Nyumba ya Pili itaangaliwa na yeye hataangaliwa. Kwamba sindano yake itapanda bila kumpigia hodi. Kwamba hatalala usingizi wa kushiba.

"Kwani mimi hulala?" akasema. "Mzee gani analala? Hamisha hilo jicho lako. Majiko nimeyaona, nayajua. Panda, Siku. Mama hana spea."

"Njoo na wewe basi. Acha samaki. Ndoo ikinifikisha, irudi kwako."

"Ziwa likichafuka itanifuata nani? Na nikiwaacha hawa, ziwa hili litabaki maji tu. Miaka ya joto imewamaliza waliokuwepo, waliobaki wako humu kwangu." Akacheka ili kunifurahisha. "Nitakaa na kupika kama wewe. Nitajifunza hata kuunga vitunguu."

Jamani, nilimpenda mzee yule saa ile kuliko mtu yeyote. Nikatamani kumwamini na nikamwamini.

Nilimpigia Kabula nikamwambia tunajaribu. Nikazima jiko la mama Edina, la akina Mbaruku na la mwalimu, kisha nikafungua sanduku, nikalegeza kile kijiwaya na kukikaza kwenye laini ya pili. Kazi yenyewe ni ndogo. Mtoto angeiweza.

"Dada Siku!" Kabula karibu apige kigelegele. "Mia mbili thelathini! Nimewasha maji ya kufulia, thelathini! Nimewasha kila kitu, haitingishiki! Sijawahi kuiona hivi tangu nije!"

Nyumba Kuu ilikuwa kimya kabisa. Hapakuwa na birika hata moja linalolia. Nilikwenda chumbani nikafunga khanga zangu na picha ya mama, nikavaa viatu vya safari. Mlangoni taa nyekundu ikawaka: ndoo imefika, imejibana, inapakua dawa. Kijana wa juu aliyekuwa akiiendesha kwa redio alisema pepo zinaongezeka, tuwahi.

Nikarudi kwenye sanduku kuangalia mara ya mwisho. Sindano ya kwanza ilikuwa juu kabisa, inacheza, haidhuru, nyumba tupu. Ya pili imetulia kama imegandishwa. Ya tatu ilikuwa inapanda.

Wagonjwa wawili walikuwa wameelemewa kwa pamoja. Nilisikia mashine zao kwenye simu ya Kabula iliyokuwa wazi. Sanduku likawapa. Lilisukuma, likasukuma, likiwa radhi kabisa na roho yake safi, kwa sababu jicho lilikuwa kule. Sindano ya tatu ikapita mia mbili hamsini.

Nikampigia mzee Songoro. Simu iliita. Nikajisemea, yuko njiani anakwenda kuwasha jiko. Ikaita. Mia mbili sitini. Nikajisemea, ana miguu mibovu, nimpe nafasi. Ikaita mpaka ikakatika yenyewe, nikapiga tena.

"Bi Sikudhani," kijana wa redio akasema, "nakungoja."

"Ningoje!"

"Si mimi, mama, ni ziwa."

Ningeweza kuondoka. Nataka hili lieleweke, maana si kweli kwamba sikuwa na la kufanya. Mlango wa ndoo ulikuwa wazi, hatua chache tu. Wagonjwa walikuwa salama kuliko siku zote. Injinia mwenyewe ndiye aliyetoa njia, na mzee mwenyewe ndiye aliyekubali. Hakuna ambaye angenilaumu. Na mama alikuwa ananitaja.

Sindano ikagusa nyekundu.

Nilikitoa kile kijiwaya kwa nguvu mpaka nikajikata kidole, nikakirudisha kwenye laini ya kwanza. "Kabula! Zima maji ya kufulia, zima majiko yako yote, watie hewa kwa mkono, nawasha majiko!" Nikakimbia. Kwa mwalimu, kwa Mbaruku, kwa mama Edina, bila hodi mara hii. Nilipokuwa nawasha jiko la mwisho nilisikia mlango wa nje ukijifunga, na kamba ya ndoo ikivutwa.

*

Mzee alipiga tena jioni, kwa sauti ileile ya shambani.

"Siku! Bado hujapanda? Leo pampu imenguruma kidogo, nimeisikia mguuni, halafu ikatulia!"

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Kwenye matangi. Nilikuwa nawatenganisha wakubwa na wadogo."

"Simu imelia mpaka imechoka. Nimepiga, nikapiga tena."

Hapo nikalirudia neno lake kichwani.

"Umeisikia mguuni," nikasema. "Siyo masikioni."

Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Pampu hizi zimeniharibu masikio siku nyingi. Simu nikiibana sana kwenye mfupa hapa, nasikia. Ikiwa inalia peke yake kule ukutani, sisikii. Na huku kwenye matangi hatuweki taa, vifaranga hawataki mwanga, hata ikipanda nisingeona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, usingekubali kwenda." Akapumua. "Na walioko juu wangejua, wangenitoa. Nani atanipa kazi nchi kavu, kiziwi wa samaki?"

Nilikuwa na hasira ya kumrarua. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia ameninyang'anya mama yangu kwa sababu ya vidagaa. Akayapokea yote, simu imebanwa kwenye mfupa. Nilipomaliza alisema, "Nitakupigia kesho." Nikamwambia asithubutu kuacha kunipigia.

*

Simu ya juu ililia. Nayo ina mkono usio na waya; nilikuwa nimeuchomeka kwenye khanga begani ili nisiwe mbali nao.

"Umefika wapi?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, lakini ni yeye, na ukali wake wote. Nyuma yake nilimsikia Asumini akisema mama, polepole, na kitu kingine kikipiga bati kwa fujo. Nilichelewa kukitambua. Ilikuwa mvua.

"Sijapanda, mama."

"Asumini ameniambia uko njiani."

"Hajui. Sijapanda. Kuna watu huku wanapumua kwa umeme. Nikiondoka unayumba."

"Na mimi napumua kwa nini?"

Nilisimama katikati ya ukumbi, milango ya jirani zangu wote iko wazi pande mbili, mvuke unatoka, na nililia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama aliniacha nilie. Hajawahi kuwa mtu wa kubembeleza.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Malizia baadaye. Unafanya nini hapo sasa hivi?"

"Nawasha majiko."

"Ya nani?"

"Ya watu walioondoka."

Alitafakari hilo, nadhani, au alikuwa anatafuta pumzi. "Basi usikate simu," alisema. "Nisikie unavyofanya kazi. Asumini, niwekee hapa sikioni. Hapa. Usiiguse."

Sikukata. Nilibeba simu ile begani na kumwonyesha nyumba yangu kwa maneno. Nilimwambia, hapa ni kwa mama Edina, jiko lake lina kisahani kimoja kimepinda. Hapa ni kwa akina Mbaruku, Mbaruku mwenyewe alikuwa anakoroma tunamsikia mpaka ukumbini. Mama akasema, "Kama baba yako." Kabula alipopiga simu ya ndani nilimjibu kwa sikio la pili, nikawasha, nikazima, nikamwambia subiri, washa sasa, na mama akauliza huyo ni nani unayemwamrisha, nikasema ni nesi, akasema mwambie ale. Nilimwambia. Kabula akasema, shikamoo mama. Mama akaitikia.

Baadaye akawa hasemi sana. Nilisema mimi. Nilimweleza mambo ya sindano, nilimweleza mzee Songoro na masikio yake, nikajikuta hasira imepungua wakati namsimulia. "Akipiga kesho, mpokee," mama akasema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kueleweka ya mwisho. Baada ya hapo nikawa nasikia pumzi tu, na mvua kwenye bati, na mimi nikaendelea kwenda mlango hadi mlango nikitaja majina ya wenye nyumba, wale niliowapenda na wale niliogombana nao, na nani alikuwa na watoto wangapi, na nani alipika nini siku gani.

Nilikuwa mlangoni kwa mwalimu pale simu ya begani iliposhikwa na mkono mwingine.

"Dada Siku," Asumini akasema. "Unaweza kukata sasa."

"Ngoja," nikamwambia. "Niwashe hili la mwalimu kwanza."